Ndege wa Visiwani: Soma Maji Kwanza

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Dar na popote mlipo. Leo tunazungumzia ndege wa visiwa vyetu vidogo: Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Vyote vinne ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo kiingilio kinalipwa na risiti unatembea nayo. Kaka Idrisa, mtu anataka kwenda Jumamosi. Aanzie wapi?

IDRISA: Aanze na maji, dada Zuhura. Hiyo Jumamosi aiweke kando kwanza mpaka aone jedwali la kujaa na kupwa. Maji yakipwa, ndege wametawanyika kwenye miamba na mchanga, kila mmoja na riziki yake, na wewe unaona vitone tu kwa mbali. Yakianza kujaa yanawasukuma kidogo kidogo, mpaka wanabanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Hapo unawapata wamesimama pamoja, wametulia.

ZUHURA: Kwa hiyo bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ndiyo siku yenyewe?

IDRISA: Hapo ndipo wengi wanapokosea. Bamvua kubwa inaweza kulizamisha fungu lote la mchanga, ndege wakahamia bara. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, nayo hayafai, maana mchanga unabaki wazi kila mahali na hakuna kinachowakusanya. Chukua siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu, au kabla ya mwezi kuandama. Hapa Dar maji ya bamvua hujaa mida ya saa kumi jioni, na kila siku yanasogea mbele kwa kama dakika 50. Siku mbili kabla, basi, yanajaa kwenye saa nane na nusu mchana. Saa sita na nusu uwe umeshakaa mahali pako.

ZUHURA: Saa sita na nusu jua ni kali, na mchanga unatoa mazigazi. Ndege anacheza kwenye lenzi kama yumo ndani ya maji yanayochemka. Mtu akiona hivyo anaongeza ukuzaji wa darubini kubwa ya stendi mpaka mara 60, na hapo ndipo anapoharibu kabisa. Rudi kwenye 20 au 25, kisha punguza umbali wa kutazamia. Darubini ya mkononi, 8x42 inatosha. Hiyo 8 ni mara za ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya mara 10 kwenye boti inatikisika mno.

IDRISA: Na stendi ya darubini kubwa inazama mchangani. Weka kila mguu juu ya kifuu cha nazi kilichofunikwa kifudifudi. Vifuu vitatu tu, na taswira inatulia.

ZUHURA: Miezi je?

IDRISA: Wageni kutoka kaskazini wanaanza kuonekana Agosti, na wengi wanaondoka Aprili. Wanaobaki wakati wa kusi ni wachache, hasa wachanga ambao hawajafikia kuzaa. Ukienda katikati ya msimu utakuta sululu, wenye mdomo mrefu uliopinda chini, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wa aina nyingi, na ukibahatika, cheleko.

ZUHURA: Cheleko tumweleze vizuri, maana yeye peke yake anatosha kumtoa mtu nyumbani. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana pwani za Uarabuni na maeneo ya jirani. Jike hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo lililochimbwa mchangani. Kinda husafiri na wazazi mpaka huku, na bado anaomba kulishwa. Ukiona mwenye mgongo wa kijivu anamfuata mkubwa huku akilia, huyo ni kinda, si aina nyingine.

IDRISA: Kinachowasumbua watu zaidi ni vitwitwi wa mchanga, mkubwa na mdogo. Wakati huu wote wawili wana rangi ileile ya udongo uliopauka. Usitazame ukubwa wa mwili, maana akiwa peke yake huna cha kumlinganisha naye. Tazama mdomo. Chukua umbali kutoka shina la mdomo mpaka nyuma ya jicho. Mdomo ukizidi umbali huo, ni mkubwa. Ukilingana nao au ukipungua, ni mdogo. Miguu ya mkubwa huelekea kijani iliyopauka, ya mdogo ni myeusi zaidi, ila miguu yenye tope inadanganya.

ZUHURA: Buabua wenye kishungi, mkubwa na mdogo, ni rahisi zaidi. Mdomo wa rangi ya chungwa, huyo ni mdogo. Wa manjano iliyoingia kijani na mwili mkubwa zaidi, huyo ndiye buabua mkubwa.

IDRISA: Sasa kukaribia. Mchana kutwa jua linahamia magharibi, kwa hiyo jipange liwe nyuma yako. Sogea hatua chache, simama, tazama. Vichwa vikiinuka vyote kwa pamoja, umeshavuka mpaka. Rudi nyuma. Kundi likiruka maji yakiwa juu halina pa kutua, na mafuta ya safari ndefu yanaungua bure.

ZUHURA: Na tembea kwenye mchanga mbichi, chini ya mstari wa majani ya bahari. Juu ya mstari huo ndipo kitwitwi wa paji jeupe anapotaga, mayai mawili kwa kawaida, kisha anayafukia nusu mchangani. Huyaoni mpaka umeyakanyaga. Akianza kujiburuza kama aliyevunjika bawa, simama palepale, tazama miguuni, halafu ondoka kwa kufuata nyayo zako mwenyewe. Mabaki ya chakula yote rudi nayo, maana yanaita kunguru, na kunguru ndiye mla mayai na makinda.

IDRISA: Kuhesabu: hesabu ndege 10 mmoja mmoja, ishike nafasi waliyochukua, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Rudia kutoka upande wa pili. Usianze mapema, wengine bado wanaingia. Kundi likihama fungu moja kwenda jingine, andika saa na upande lilikoelekea, usije ukalihesabu mara mbili.

ZUHURA: Ukirudi bara, suuza lenzi kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kitambaa. Chumvi iliyokauka inakwaruza kioo.

IDRISA: Na kama fungu lilizama hujamaliza kuhesabu, liandike hilo pia, pamoja na saa.