Mkoba wa Kazi Unaosikika

Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi wenzangu, na ninyi wanachuo mnaojiandaa kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, nawashukuru kwa kunialika nizungumzie mkoba wa kazi wa mwalimu.

Nianze na mstari tunaoujua sote. Chini kabisa ya andalio la somo pana nafasi ya tathmini. Nimesahihisha maandalio kwa miaka mingi, na karibu yote husema: "Somo limeeleweka vizuri." Mengine huandikwa hivyo kabla mwalimu hajaingia darasani.

Muhula uliopita mwanachuo mmoja aliweka kwenye mkoba wake wa kazi wa kidijitali, yaani potifolio ya kukusanyia kazi zake za darasani, faili ya sauti ya dakika 12. Hesabu za sehemu, Darasa la Tano. Alikuwa ameacha simu mezani ikirekodi. Nikasikia: "Nusu jumlisha robo ni ngapi? Robo tatu. Tumeelewana?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Mara tisa aliuliza, mara tisa akajijibu mwenyewe. Chini ya faili ameandika: "Sikuwapa watoto hata nafasi ya kupumua."

Kesho yake alirudi na chungwa na kisu, akarekodi tena. Safari hii pana ukimya mrefu, halafu kasauti: "Mwalimu, kumbe nusu ina robo mbili!" Niliisikiliza mara tatu.

Wazo la mkoba wa kazi lina umri. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa elimu Lee Shulman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu kumpima mwalimu kwa mkusanyiko wa kazi zake za darasani, wasitegemee karatasi ya mtihani peke yake. Leo kuna programu za bure za kutunzia mkoba huo, kama Mahara, iliyoanzia New Zealand mwaka 2006. Kama chuo hakina seva, folda iliyopangwa vizuri kwenye simu inatosha. Na rekodini sauti zaidi ya video. Video inamaliza bando.

Jambo moja msilipuuze. Sura na sauti ya mtoto ni taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda ya mwaka 2022. Pitieni kwa mwalimu mkuu, mpate ridhaa ya wazazi, na msizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp.

Wakufunzi, nawasihi tusigawe alama kwa kuhesabu faili. Mwanachuo akileta picha 40 za zana zilizobandikwa ukutani, tumwulize ni ipi iliyoshindwa kazi, na kesho yake alifanya nini. Na atakayeandika "somo limeeleweka vizuri", aambatanishe sauti.