Baada ya Joho: Mhitimu na Misa ya Dominika

DEO: Tumsifu Yesu Kristo, wasikilizaji wetu. Mimi ni Deo, niko na dada Skola, na leo tunazungumza na vijana Wakatoliki waliovua joho la mahafali hivi karibuni, hasa wale ambao tangu warudi nyumbani au wahamie mji mwingine, Misa ya Dominika imeanza kuwapita. Hongereni sana kwa kumaliza masomo. Dada Skola, tuanzie wapi?

SKOLA: Milele na milele, amina. Hongereni kwa kweli, na hongera kwa wazazi waliouza mazao na mifugo ili siku hiyo ifike. Tuanzie chuoni kwenyewe, kaka Deo. Kijana akiwa chuoni, mambo yote ya imani yamesogezwa karibu naye: kuna padre mlezi, kuna wenzake wa TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki Tanzania, wanaomwita kwa jina, kuna zamu ya kusoma masomo ya Misa na mazoezi ya kwaya, na asipoonekana Dominika mbili, mwenzake anagonga mlango wa chumba chake. Mtihani wa mwisho ukiisha, hayo yote yanabaki chuoni. Anahamia Dodoma au Kahama, au anafikia kwa shangazi yake Mbagala, na katika parokia ile hakuna anayejua kwamba yupo. Kwa hiyo hata asipokwenda kanisani, hakuna wa kumuulizia. Imani anayo bado, lakini haina wenyeji.

DEO: Ndiyo sababu ninawasihi wahitimu waitafute jumuiya mapema, kabla hata hawajazoea mji. Maaskofu wa nchi zetu, kupitia AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika miaka ya 1970, na matunda yake ni kwamba leo ukifika mtaa mgeni unaweza kumuuliza mama yeyote Mkatoliki, "Jumuiya ya hapa inasali kwa nani wiki hii?" naye akakuelekeza hadi mlangoni. Ukishajitambulisha kwa mwenyekiti na jina lako likaandikwa, umepata watu wa kukuulizia usipoonekana.

SKOLA: Hapo niombe tukae kidogo, kwa sababu wapo wanaoijua jumuiya, wanaujua na mlango, lakini hawaendi kwa aibu. Kijana amehitimu, ajira hana, na kila akitoka kanisani anakutana na swali lile lile: "Kazi umeshapata?" Ndani ya Misa kikapu kinapita benchi kwa benchi, naye anainamisha kichwa kana kwamba anasali, kwa sababu mfukoni ana nauli tu. Kwenye jumuiya kuna mchango wa ujenzi, mchango wa mgonjwa, bahasha ya zaka yenye jina lake. Taratibu anajiambia kwamba atarudi mambo yakikaa sawa. Mdogo wangu unayenisikiliza, hakuna kiingilio cha Misa. Katekisimu inapotutaka tulisaidie Kanisa, inasema kila mmoja kadiri ya uwezo wake, na uwezo wako wa leo unaweza kuwa kupanga viti, kusoma somo, au kumfundisha mtoto wa jirani sala za Komunyo ya kwanza. Nasi tulio wenyeji tulipunguze lile swali la kazi pale nje ya kanisa. Tumsalimie kijana, tumuulize habari zake, tumwalike jumuiyani. Ya kazi atayasema mwenyewe akiwa tayari.

DEO: Umenena, dada. Mimi nikiwafikiria vijana hao ninawakumbuka wafiadini wa Abitene, ambao ni Waafrika wenzetu, wa eneo ambalo leo ni Tunisia. Mwaka 304, wakati Kaisari Diokletiani amepiga marufuku mikusanyiko ya Wakristo, waamini 49 walikamatwa kwa kuadhimisha Dominika pamoja, wakapelekwa Karthago kuhukumiwa. Mmoja wao, Emeritus, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma Maandiko mbele ya waamini, aliulizwa kwa nini aliwapokea watu wale nyumbani kwake kinyume cha amri. Akajibu kwamba ni ndugu zake, asingeweza kuwazuia, kwa kuwa bila Dominika hawawezi. Walikutana nyumbani kwa mtu, kaka na dada zangu, kama jumuiya zetu zinavyokutana, na hawakungoja hali iwe nzuri.

SKOLA: Wapo pia waliopata kazi, nayo kazi ikawabana: zamu za hospitali, ulinzi, duka lisilofungwa Dominika. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inaeleza kwamba anayeshiriki Misa jioni ya siku inayotangulia ametimiza wajibu wake, kwa hiyo mwenye zamu ya Dominika aulize kama parokiani kuna Misa ya Jumamosi jioni, au ajihimu ile ya kwanza ya asubuhi. Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa sasa linamwita Mtumishi wa Mungu, alizoea kuhudhuria Misa kila siku hata alipokuwa Rais. Mgonjwa na mama mwenye mtoto mchanga Kanisa linawaelewa; ila Misa ya kwenye simu isiwe mazoea ya mtu mzima mwenye afya.

DEO: Naomba niongeze Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na kijana mwenzake Mwitalia, Carlo Acutis. Alisomea uhandisi wa madini kule Turin ili awe karibu na wachimbaji, akapokea Komunyo kila siku, na alikufa mwaka 1925 akiwa na miaka 24, kabla ya kuhitimu. Siku moja kabla ya kufa, mkono ukiwa umepooza, aliandika kwa shida kikaratasi cha kuomba maskini mmoja afikishiwe dawa yake. Hakuwahi kupokea mshahara.

SKOLA: Basi kwa yule ambaye mwaka umepita hajakanyaga kanisani: Katekisimu, namba 2181, inasema kwamba kuacha Misa ya Dominika kwa makusudi bila sababu ya kweli ni dhambi nzito, kwa hiyo kabla ya kukomunika aanze na kitubio. Asihofu. Amwambie padre, "Ni muda mrefu sijaungama, naomba unisaidie," na kama ameisahau sala ya kutubu, padre atamwongoza.

DEO: Wala asisubiri Pasaka. Aangalie ratiba ya maungamo kwenye ubao wa matangazo, na kama haioni, agonge ofisi ya parokia aombe. Ataungama siku hiyo hiyo au atapangiwa.