Jinsi ya Kumtafuta na Kumvua Sangara wa Njano Ziwa Erie

Karibuni watazamaji. Tuko Ziwa Erie, upande wa Ohio, jimbo la Marekani, mwezi wa Septemba, na tunamtafuta sangara wa njano. Msimchanganye na sangara wa Ziwa Victoria. Huyu ni mdogo, wengi wao sentimita 18 hadi 28, ubavu wa manjano wenye mistari myeusi ya wima. Kwanza leseni: Ohio kwa kawaida inamtaka kila mvuvi mwenye miaka 16 na zaidi awe nayo. Idadi ya samaki wa kuchukua kwa siku hutofautiana kwa eneo la ziwa na hubadilika, kwa hiyo soma kanuni za mwaka huu kabla ya kutoka.

Kazi kubwa ni kumpata. Sangara hawa hutembea kwa makundi, karibu na sakafu ya ziwa. Majira ya kuchipua hufuata maji mafupi yenye majani na matawi yaliyozama ili watage. Joto likizidi hushuka, na msimu huu tunaanzia mita 9 hadi 15.

Endesha boti taratibu huku mashine ya kupima kina ikiwa imewashwa. Tazama kioo hapa chini: alama hizi nene zilizokaa juu kidogo ya sakafu ndizo tunazozitaka. Zile zinazoelea katikati ya maji mara nyingi ni visamaki vinavyoliwa na samaki wakubwa tu. Ukishaliona kundi, usidondoshe nanga juu yake, litatawanyika. Pita kuelekea upepo unakotoka, shusha nanga huko, kisha legeza kamba mpaka boti irudi na kusimama juu ya samaki.

Sasa mshipi. Tumia fimbo nyepesi yenye ncha laini, na mshipi unaohimili kilo 2 hadi 3. Mwishoni funga chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, ya gramu 15 hadi 30. Juu yake, sentimita 15 na sentimita 45, funga ndoano mbili namba 6 kwenye vijishipi vifupi. Ndoano kubwa haifai: mdomo wa samaki huyu ni mdogo, atanyofoa chambo na kuondoka.

Chambo ni kisamaki cha sentimita 5 hivi. Ingiza ndoano mdomoni, itokee shavuni, kisha ichome mgongoni. Nyungunyungu pia anafaa, lakini mkate vipande. Ukimwacha mzima ananing'inia, wanakula mkia tu.

Shusha mpaka chubwi iguse chini na mshipi ulegee. Kaza, inua sentimita 10, halafu tulia. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sangara wa njano havuti kwa nguvu. Utaona ncha ya fimbo ikitetemeka mara mbili, pengine mshipi unalegea tu kwa sababu amepanda na chambo. Inua kiganja, usipige kwa mkono mzima, maana ngozi ya mdomo wake ni nyembamba na huchanika. Kisha zungusha gurudumu la kukunjia mshipi kwa mwendo mmoja bila kusimama.

Dakika 15 zikipita bila kuguswa, hama, hata mita 50 zinatosha. Kukaa mahali pamoja kwa kutumaini ndiko kunakowarudisha watu nyumbani mikono mitupu. Huyu anawinda kwa macho, kwa hiyo vua mchana. Usiku hutulia chini, na dhoruba ikivuruga maji yakawa tope, huacha kula.

Ukimshika, telezesha mkono kutoka kichwani kwenda mkiani ili miiba ya mgongoni ilale. Mweke kwenye barafu papo hapo.

Jambo moja tunalisisitiza sana. Samaki aliyetolewa mita 10 au zaidi hupanda na kibofu cha hewa kimevimba, na huweza kufa hata akirudishwa. Basi usivue ili uchague wakubwa na kutupa wadogo. Kundi likiwa la wadogo watupu, ng'oa nanga utafute jingine, na idadi yako ikitimia, kunja mishipi.