Mnyoo Usio na Kichwa

Ndugu wasikilizaji, katika riwaya za kusisimua za teknolojia kuna adui mmoja asiyenitoka akilini: programu isiyokaa mahali pamoja. Imetawanyika katika maelfu ya kompyuta, kila nakala inajiamulia, na aliyeiandika pengine keshakufa. Wapelelezi wanavunja mlango, wanang'oa seva, na yenyewe inaendelea.

Wasomaji wengi huogopa akili ya programu hiyo. Mimi naogopa jambo jingine: haina mahali pa kuizimia.

Mwaka 1975 mwandishi Mwingereza John Brunner, katika riwaya ya The Shockwave Rider, alibuni programu aliyoiita “tegu”, aishiye ndani ya mtandao, asiyeuawa bila kuuvunja mtandao wenyewe. Watafiti wawili wa kampuni ya Xerox, John Shoch na Jon Hupp, wakaazima wazo hilo, wakaunda minyoo, yaani programu zinazojieneza zenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ya kufanya kazi usiku kwenye mashine zilizolala. Asubuhi moja kompyuta zilikutwa zimekufa kila upande. Nakala iliharibika; kila mashine iliyoanguka, mnyoo ukatafuta nyingine kwa pupa. Kilichowaokoa ni ujumbe wa dharura waliouandaa mapema, ambao ukipita mtandaoni minyoo yote husimama.

Sasa tazameni tarehe 2 Novemba 1988. Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia mnyoo wake kwenye intaneti. Uliuliza kila kompyuta: nakala yangu imo humu? Ikiwa imo, mmoja ujiondoe. Lakini Morris alihofu kwamba mafundi wangeufukuza kwa jibu la uongo, basi akauagiza: mara 1 katika kila 7, baki tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Nakala zikarundikana, mashine zikakabwa hadi zikashindwa kazi. Hapakuwa na chuki wala akili ya kishetani, ni namba moja iliyochaguliwa vibaya.

Na hapa ukweli unaishinda riwaya, naomba mlisikilize hili kwa makini. Morris alipoona mambo yamemtoka mkononi, alizungumza na rafiki yake, wakatuma ujumbe usio na jina kuwaeleza mafundi namna ya kuuzuia. Ujumbe ulipaswa kupita katika mtandao uleule. Njia zilikuwa zimezibwa na mnyoo, ukafika umechelewa mno.