Ndugu yenu yuko Marekani na anataka kumuasili mtoto Dodoma: aanzie hapa

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na mnaotazama kutoka Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Chemba. Shikamooni wakubwa zangu. Leo hakuna matembezi ya mjini. Nimekaa mezani huku Marekani na makaratasi, kwa sababu swali linalojirudia kwenye komenti ni hili: "Ndugu yetu yuko Marekani, anataka kuja kumchukua mtoto wa marehemu dada yake akamlee huko. Aanzie wapi?"

Aanzie kwenye uraia wake. Tiketi baadaye, kumwambia mtoto baadaye kabisa. Nawaomba sana, mtoto wa miaka sita asiambiwe "unaenda Marekani" kabla mtu mzima hajajua kama njia ipo. Mtoto anaagana na wenzake shuleni, anahesabu siku, halafu miaka miwili inapita yuko palepale.

Kwa nini uraia? Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ndugu yenu akishakula kiapo cha Marekani, mbele ya sheria ya Tanzania ni mgeni, hata kama kazaliwa Makole na kitovu chake kimezikwa Chamwino. Hadhi maalum ya diaspora mnayoisikia kwenye taarifa za habari si uraia. Sasa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina masharti yake kwa mgeni anayetaka kumuasili mtoto wa Kitanzania, yaani kumfanya mtoto wake kisheria. Awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo. Awe amemlea mtoto huyo angalau miezi 3 chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Asiwe na rekodi ya jinai nchini kwake wala nchi nyingine yoyote. Awe na barua ya mapendekezo ya mamlaka ya ustawi ya huko anakoishi. Aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili. Na kabla ya yote hayo, ionekane kwamba mtoto hawezi kupata familia ya kumlea hapo nchini.

Miaka 3 mfululizo ndiyo inayowakwamisha wengi. Kuja likizo ya Desemba kila mwaka hakuhesabiki kuwa ni kuishi. Kwa hiyo mtu mwenye kazi yake Texas na mkopo wa nyumba, anayepanga kuja wiki tatu na kuondoka na mtoto, mwambieni mapema kwamba hilo halipo.

"Basi atumie grini kadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, bado ni Mtanzania." Kweli, kwa Tanzania huyo ni raia, na sharti la miaka 3 halimhusu. Tatizo linahamia upande wa pili. Marekani ina fomu inaitwa I-600, ya kumleta yatima aliyeasiliwa nje, na fomu hiyo ni ya raia wa Marekani peke yake. Mwenye grini kadi anabaki na fomu I-130, ya kumwombea mtu wa familia, inayotaka mtoto awe ameasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, na mzazi awe na haki ya kisheria ya kumlea na ameishi naye kwa miaka 2. Ataishi naye wapi, na mtoto hana viza? Dodoma. Na mwenye grini kadi akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi, anahatarisha grini kadi yenyewe. Kibali hicho hudumu hadi miaka 2 na huombwa kabla hajaondoka, akiwa bado ndani ya Marekani. Wengi hukikumbuka wakiwa wameshafika Nkuhungu.

Mmeona ugumu ulipo? Tanzania inamtaka raia wake au mkazi wa kweli, Marekani nayo inamtaka raia wake. Ndugu yenu anaweza kufaa upande mmoja akakataliwa upande wa pili. Kama ni mume na mke, mmoja kachukua uraia na mwingine hajachukua, hilo ndilo swali la kwanza kumpelekea wakili Dodoma, kwa sababu kwa fomu I-600 Marekani inataka wanandoa waasili wote wawili.

Twende kwa mtoto mwenyewe. Hapa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu familia nyingi zenye nia njema huangukia hapa. Tanzania ikitoa amri ya kuasili, Marekani bado inauliza swali lake: je, huyu ni yatima kwa sheria yetu? Wazazi wote wawili wamefariki, sawa. Wametoweka au wamemtelekeza na kuna ushahidi, sawa. Amebaki mzazi mmoja ambaye hawezi kumtunza kwa viwango vya maisha ya hapo alipo, na ameandika kwa hiari yake kwamba anamwachia mtoto moja kwa moja aasiliwe na ahame nchi, hiyo nayo inapokelewa. Lakini baba na mama wako hai, wanaishi pamoja Ihumwa, maisha magumu, wanataka mtoto asome Marekani? Haipiti. Na mama akiandika "namwachia dada yangu aliye Marekani", hiyo haihesabiki kuwa ametelekeza, kwa sababu amemkabidhi kwa mtu maalumu anayemjua. Familia inaona imeandika barua nzuri, kumbe barua hiyohiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mtoto hakuachwa.

Kwa mtoto mwenye mama anayempenda na shida ni ada na matibabu, maoni yangu ni kwamba mahakama isihusishwe kabisa. Tumeni ada, lipieni bima, mtoto abaki na mama yake. Kuasili kunakata uhusiano wa kisheria na wazazi wa kumzaa: haki zao na wajibu wao vinahamia kwa wazazi wapya. Mama anayetia saini aelezwe hivyo kwa lugha anayoielewa, Kigogo kama ndiyo lugha yake, tena asiwe peke yake mbele ya shemeji zake.

Haya, tuseme pande zote mbili zimekaa sawa. Kwa Dodoma kazi inaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Maombi yanapitia kwake kwenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Afisa atafanya uchunguzi: atamtembelea mtoto anakoishi, atahoji ndugu, ataangalia nani mwingine katika ukoo anaweza kumlea. Kikao cha ukoo kinasaidia, na muhtasari wake mpeni, lakini jueni hauna nguvu ya amri ya mahakama. Barua ya mtendaji wa kata nayo ni utambulisho tu. Mtoto akiwa mbali, tuseme vijiji vya ndani vya Chemba, msimpangie afisa safari katikati ya mvua, Desemba hadi Aprili. Makorongo yakijaa, ziara moja inasogea wiki kadhaa na faili zima linasubiri.

Baada ya uchunguzi ndiyo kinakuja kipindi cha malezi ya kambo, yaani mtoto anaishi na waombaji kwa kibali huku afisa akifuatilia. Kumchukua mtoto kwenye makao ya watoto kwa maelewano na msimamizi, bila kibali, ni kujiharibia kesi. Kisha wakili anafungua maombi Mahakama Kuu. Mwombaji, au mmoja wao kama ni wanandoa, awe na umri usiopungua miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Shauri husikilizwa faragha, na mahakama huteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akiwapa amri ya ulezi, hiyo ni ulezi. Ubalozi wa Marekani hautaipokea kama kuasili. Na pesa: sheria inakataza malipo au zawadi ili mtoto atolewe. Mpeni wakili ada yake kwa risiti, na mtu yeyote anayetaka "ya kumshukuru bibi" mkatalieni, kwa sababu shilingi hiyo ikijulikana inavunja kila kitu.

Amri ikitoka, iende RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mtoto aingizwe kwenye rejista ya watoto walioasiliwa na apate cheti kipya. Baada ya hapo ndiyo mnaenda Uhamiaji kwa pasipoti.

Ngoja nikae kidogo kwenye vyeti, maana hapa ndugu wa nyumbani ndio mnaookoa miezi. Chukueni kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo kama kipo, na rekodi ya shule. Viwekeni mezani kimoja pembeni ya kingine, msome herufi kwa herufi. Kadi inasema Elia, cheti kinasema Eliya. Kadi inasema tarehe 3, shule imeandika tarehe 13. Cheti kina majina matatu, shule ina mawili. Kwa macho yetu ni mtoto yuleyule. Kwa afisa wa viza ni maswali matatu. Rekebisheni RITA kabla ya kufungua kesi, si baada, kwa sababu kosa likishaingia kwenye amri ya Mahakama Kuu mtarudi mahakamani kulifuta. Halafu kifo cha mzazi: kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Wengi walizika kijijini miaka ile na hawakuandikisha popote. Usajili wa kifo uliochelewa unawezekana, ila unataka ushahidi na muda, kwa hiyo huo uwe wa kwanza kwenye foleni yenu.

Upande wa Marekani nitaupita haraka, maana ndugu yenu ataufanya huku. Tanzania si mwanachama wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, kwa hiyo njia ni I-600A kwanza, fomu ya kupima kama mwombaji anafaa kuasili, kisha I-600. Hata kama mtoto ni wa ndugu, lazima kuwe na shirika lililoidhinishwa na Marekani linalobeba jukumu la kesi nzima. Litafutwe kabla ya lolote, maana si kila shirika linapokea kesi za Tanzania. Tathmini ya nyumbani, yaani ripoti kuhusu mwombaji na nyumba yake, isizidi miezi 6 siku inapowasilishwa. Kila mtu wa miaka 18 na kuendelea anayeishi nyumba ile anachukuliwa alama za vidole, hata binamu aliyehamia sebuleni mwezi uliopita. Ada ya I-600A tangu Aprili 2024 ni dola 920, na ya maombi ya viza ya mtoto ni dola 325. I-600 iwasilishwe kabla mtoto hajatimiza miaka 16.

Baadaye ubalozi unafanya uchunguzi wake wenyewe kama mtoto ni yatima kweli. Wanaweza kuwahoji nyinyi ndugu. Semeni ukweli mmoja, ule ule mliomwambia afisa ustawi. Familia ikificha kwamba baba yupo hai Singida, kwa kuogopa kuharibu mambo, inaharibu hapo hapo. Baba huyo angeweza kutafutwa na kusikilizwa. Na mahakama ina uwezo wa kuendelea bila ridhaa ya mzazi aliyemtelekeza mtoto au asiyepatikana, ila lazima iambiwe yupo.

Vipimo vya afya hufanywa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi, si hospitali yoyote. Watoto wa miaka 2 hadi 14 hupimwa damu kuangalia maambukizi ya kifua kikuu, na chanjo ya BCG haiharibu kipimo hicho. Akikutwa anaumwa kifua kikuu chenyewe, anatibiwa kwanza, na dozi kamili huchukua miezi kadhaa, kwa hiyo tiketi isikatwe kabla ya majibu. Virusi vya Ukimwi si kizuizi tena cha kuingia Marekani tangu Januari 2010. Nalisema hili waziwazi kwa sababu bado kuna watoto wanaachwa nje ya mipango kwa sababu hiyo, na kumbe sheria haiwazuii. Mpeni daktari taarifa za dawa zake zote, aanze kupangiwa kliniki huku asije akakosa dozi safarini.

Kuna wanaoshauri mtoto aombewe viza ya matembezi, akifika aasiliwe huku. Msifanye. Kumwambia afisa wa viza kwamba mtoto anakwenda kutembea wakati anakwenda kuhamia ni udanganyifu, na rekodi hiyo itamfuata mtoto ambaye hakusema neno lolote. Sheria za viza kwa Watanzania nazo hubadilika, hivyo ukurasa wa ubalozi usomwe wiki ileile mnayotaka kuomba, si kwa kukumbuka alichosema mtu mwaka juzi.

Mtoto aliyeasiliwa kikamilifu Tanzania na kuingia na viza ya IR-3 akiwa chini ya miaka 18 huwa raia wa Marekani akishaingia kuishi na mzazi wake huyo raia. Viza ya IR-4 inamaanisha kuasili kunakamilishwa huku kwanza. Na kwa sababu ya sheria ya uraia ya Tanzania, akifikia utu uzima atatakiwa kuchagua kama anabaki Mtanzania. Hivyo nakala zilizothibitishwa za amri ya mahakama na cheti cha zamani zibaki pia kwa mtu mmoja wa kuaminika hapo nyumbani.

Kwenye komenti msiweke jina wala picha ya mtoto, nitafuta. Niandikieni wilaya, umri wa mtoto, wazazi gani wako hai, na ndugu yenu ana uraia au grini kadi. Hayo manne yananitosha kuwajibu.