Wekundu Usioandikwa Kwenye Boksi

Mnaonijua mnajua nitaanza na boksi la taa. Naam, naanza nalo. Mtu ananunua LED, boksi limeandikwa CRI 95, yaani alama 95 kati ya 100 za jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, anarudi nayo kifua mbele. Akirekodi video, mgeni wake anaonekana kama katoka kuugua. Lawama anabebeshwa nani? Kamera!

Ile 95 ni wastani wa sampuli nane za rangi, tena zilizopooza zote. Nyekundu iliyokolea, yaani R9, haimo. Haimo, jamani! Na ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii au nyeupe, chini yake kuna damu. LED nyingi hutoa mweupe wake kwa chipu ya buluu iliyofunikwa fosfori, unga unaogeuza sehemu ya ile buluu kuwa rangi nyingine, na wekundu ndio unaopungua kwanza. Kwa hiyo taa inafaulu mtihani ambao swali lenyewe halikuulizwa.

Niliwahi kumrekodi mzee mmoja kwa taa mbili, maboksi mawili, 95 na 95. Shavu moja kijani, jingine kama nta. Nikakesha kwenye uhariri: nikiongeza nyekundu, midomo inawaka, nikipunguza, uso unakufa, ukuta nao ukageuka waridi. Siku ya pili nikaazima taa kuukuu ya tangsteni, ile ya waya unaowaka, rangi ya mwanga wake kelvini 3200, yaani ya manjano, na inachoma kama jiko. Mzee akarudi kuwa mzee. Sikugusa kitu.

Namwona kijana pale nyuma anataka kusema waiti balansi, ule mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi nyeupe. Waiti balansi itakufanyia karatasi iwe nyeupe, basi. Mwanga ambao taa haikuutoa haukuigonga ngozi, na kamera haikuuona. Utarekebisha nini hapo?

Basi muulizeni muuzaji R9 ni ngapi. Kuna taa ambazo R9 yake iko chini ya sifuri. Au ulizeni TLCI, alama nyingine ya ubora wa rangi ya taa, ambayo EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, iliipendekeza mwaka 2012, kwa sababu yenyewe inapima kwa jicho la kamera. Akibabaika, ondokeni.

Kelvini 5600, mwanga kama wa mchana, au 3200? Yoyote, ila moja. Zimeni taa ya dari, rangi yake isichanganyike na yenu. Ngozi nyeusi haitaki taa kali zaidi, inataka chanzo kipana na laini, vinginevyo paji la uso linang'aa na mashavu yanapotea. Hilo lilistahili saa nzima, lakini naonyeshwa saa.

Haya, aliyekuja na taa yake aiwashe. Wewe wa mbele, nyoosha kiganja tukione.