Ahadi ya Waziri na Namba Zilizomo Simuni

Ndugu wasikilizaji, nianze na Singapore. Machi 2020 serikali yake ilitoa TraceTogether, programu ya kutambua waliokaa karibu na mgonjwa wa korona. Simu mbili zikikaribiana, zilipeana namba za siri kwa Bluetooth. Mmoja akiugua, wizara ya afya ilizifungua namba hizo na kujua alikuwa na nani. Waziri mhusika akawaahidi watu kwamba kazi yake ni hiyo tu.

Januari 2021 bunge likaelezwa kwamba polisi nao wanaweza kuzidai data hizo kwa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, na tayari zilikuwa zimeguswa katika kesi ya mauaji. Mtu ataniuliza: muuaji akisakwa, kuna ubaya gani? Mimi simtetei muuaji. Ninachotazama ni kwamba sheria ile ilikuwepo siku ahadi inatolewa, na waziri huyo alikiri kuwa hakuifikiria alipokuwa akizungumza. Angekuwa amedanganya, ningelala vizuri zaidi, maana mwongo hushtakiwa. Ahadi ya mtu mkweli aliyesahau sheria utaishtaki wapi? Februari ikatungwa sheria mpya ya kuwawekea polisi mipaka, wabaki na aina saba za makosa mazito. Data zilikuwa zimeshakusanywa.

Ndiyo maana nauliza kwanza data zinakaa wapi, kabla ya kuuliza nani ameahidi nini. Aprili 2020 Apple na Google walitangaza mfumo ambao namba hubadilika kila baada ya dakika chache na orodha ya uliokutana nao haitoki simuni. Simu yenyewe ndiyo inayolinganisha namba ilizopokea na zile za waliougua. Ujerumani iliufuata. Hapo polisi aje na hati ya mahakama, seva, yaani kompyuta kuu ya programu, haina orodha ya kumpa. Norway ilianza na GPS, inayoonyesha simu ilipo, na data zote zikawekwa kwenye hifadhi moja kuu. Juni 2020 mamlaka ya nchi hiyo ya kulinda data ikaipinga, programu ikasimamishwa na data zikafutwa.

Kwa mfumo wa Apple na Google wataalamu wa afya walipoteza kitu, tusifiche: hawakuweza kuona nani kamwambukiza nani. Na faragha yenyewe haikukamilika. Ukitoka nyumbani mara moja tu, ukakutana na mtu mmoja, kisha simu ikakuonya, umeshamjua mgonjwa. Hapo hata namba ziwe za siri vipi, hazimfichi.

Karibuni maswali.